Lebo ya Ndani

Mnunuzi alikuja na kurunzi nyembamba kama kidole,
akainamia tundu la fidla
jinsi daktari anavyochungulia koo la mtoto.
Akasoma: jina la fundi wa mbali, mji wa mbali,
mwaka elfu moja mia saba na kitu.
Nikashika pumzi. Kichwani nilikwisha ezeka paa,
nilikwisha lipa deni la Ami Shekuwe hospitali,
nilikwisha kwenda Umra na kurudi.

"Uwongo," akasema. "Lebo ya kiwandani.
Zilibandikwa maelfu, kama karatasi za viberiti.
Kwa kukuonea imani, nitakupa bei ya friji iliyotumika."

Friji iliyotumika.
Sikumkasirikia. Nilimpa kahawa na kaimati.
Alipoondoka aliacha alama ya kidole kwenye vanishi,
nikaifuta kwa ncha ya leso.

*

Mombasa si mji wa kuwekea mbao.
Chumvi hupanda kuta za Kibokoni usiku,
gundi hulegea kama kauli ya mdeni,
na kila masika fidla ya Ami ilifunguka ubavu,
naye akaipeleka kwa Karama, nyuma ya duka la magodoro,
fundi wa viti, wa vitanda vya kamba,
na kwa wanaojua, wa nyuzi.

Nami nikaipeleka.
Karama akaivua kifua kwa kisu cha siagi kilichopashwa moto.
Tukatazama tumboni, vichwa vikigusana:
punje tatu za mchele wa harusi,
asumini moja, imekauka ikawa bawa la nzi,
senti kumi ya zamani, ile ya tundu,
na kijiti kimelala, ambacho miaka yote
kilisimama peke yake kati ya sakafu na dari,
bila gundi, bila msumari.
"Huyu ndiye mwenye nyumba," akasema.
"Akianguka, nyuzi zote nne huongea kama zina mafua."

Na chini ya lebo, kwa penseli, mkono wa mtu nisiyemjua:
*nimeziba ubavu, masika, 1958.*
Chini yake: *1966, mvua kubwa.*
Kisha herufi nene za Karama, mara nne.
Juu karatasi moja inayosema uwongo,
chini yake foleni ya watu wakweli.

"Niibandue?"
"Iache. Nani hapa hakuwahi kudanganya umri?"

*

Wanasema mbao huzeeka zikajifunza:
utomvu ukishakauka, sauti hupata ujia wa kupita.
Huenda. Mimi sikusomea miti.
Najua vanishi imelika pale kidevu cha Ami kilipokaa.
Najua kovu hili ni la Kuze, harusini,
stima ilipokatika na mtu akaangusha kiti,
naye hakunyanyua upinde,
akapiga gizani hadi wanawake wakaleta karabai,
na walipoileta wakamwambia aizime.
Najua wiki ya mwisho hakuipiga.
Aliilaza kifuani, sikio kwenye ubao,
na nikiingia na uji, alinionyesha mkono: ngoja.

*

Jioni nikaikaza nyuzi, nikapaka upinde ulimbo.
Singa za farasi zimebaki nusu, kama ndevu za kijana.
Sijui kupiga. Nikavuta tu.
Akalia paka aliyekanyagwa mkia,
halafu, kwa muda wa kumeza mate,
kikapita kitu kingine, kizito, cha rangi ya tende,
kikanitetemesha meno.

Dirisha la pili likafunguka.
Bi Mwanamize, asiyetusalimia tangu ugomvi wa maji machafu,
akatoa kichwa:
"Uzi wa tatu uko chini."

"Niukaze?"

Akafikiri. Akaangua nguo moja kwenye kamba, ya pili.
"Uwache. Na yeye hakuwahi kuukaza."

Akafunga dirisha.
Mezani maziwa ya asubuhi yalikuwa yamechacha kwa joto.
Nikayatia sukari, nikayanywa vivyo hivyo.